Mjamzito Atembee au Apumzike?

Mwanamke akishajulikana kuwa mjamzito, ushauri humiminika kabla hajafungua kadi ya kliniki. Mama mkwe anamwambia asinyanyue mikono juu kuanika nguo, kitovu kitamzunguka mtoto shingoni. Jirani anamwambia adeki nyumba kwa kuinama, maana akilala-lala mtoto atakuwa mkubwa na kushindwa kupita. Mume mwenye uwezo anatafuta msichana wa kazi, kisha anamkataza mkewe hata kwenda dukani. Na kule kijijini, mwanamke mwingine mwenye mimba ya miezi minane hapewi ushauri wowote. Anapewa ndoo.

Maneno haya hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja, na kwa bahati nzuri swali lenyewe limechunguzwa kwa miongo kadhaa. Kwa mwanamke mwenye mimba isiyo na matatizo, mazoezi ya wastani ni kinga dhidi ya maradhi kadhaa yanayowaua au kuwatesa wajawazito, na hayamdhuru mtoto. Katika hilo madaktari wa uzazi wamekwisha kukubaliana. Ninachotaka kukichambua zaidi ni jambo linalofuata baada ya makubaliano hayo. Sehemu kubwa mno ya ushahidi imetokana na wanawake waliofanya mazoezi kwa hiari yao, nusu saa au saa moja, wakanywa maji, wakarudi kupumzika na kula. Kuubeba ushahidi huo mzima mzima na kumpelekea mwanamke ambaye tangu alfajiri amekwisha kupanda kilima na dumu la lita 20 kichwani ni kumpa dawa ya mgonjwa mwingine.

Tuanze na namna wataalamu wenyewe walivyobadilika. Mwaka 1985 chama kikuu cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, ACOG, kilitoa mwongozo uliosema mapigo ya moyo ya mjamzito anayefanya mazoezi yasizidi 140 kwa dakika, na mazoezi makali yasizidi dakika 15. Mipaka hiyo ilitokana na tahadhari kuliko majaribio. Hofu yake ilikuwa na mantiki: misuli ikifanya kazi huvuta damu nyingi, je, mji wa mimba hautanyimwa? Mwili ukipata joto kali katika wiki za mwanzo, je, viungo vya mtoto havitaharibika? Kadiri tafiti zilivyoongezeka, hofu ikapungua. Mwaka 1994 chama hicho kiliondoa ukomo wa mapigo 140, na mwaka 2002 kikashauri nusu saa ya mazoezi ya wastani karibu kila siku. Canada ilitoa mwongozo wake mpya mwaka 2019. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likaweka kiwango kinachofuatwa sasa: angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa mjamzito na kwa mama aliyejifungua, ilimradi hana tatizo linalomzuia. Kwa hiyo mama aliyebeba mimba mwaka 1986 na kukatazwa na daktari kukimbia hakudanganywa. Aliambiwa kilichojulikana wakati ule, na akimkataza binti yake leo anarudia alichofundishwa.

Ili kuelewa kwa nini mazoezi yanafaa, inabidi kuangalia mwili wa mjamzito unavyojipanga upya. Kiasi cha damu huongezeka kwa karibu asilimia 40 hadi 50, na moyo husukuma damu zaidi hata mama akiwa amekaa tu. Ndiyo sababu anapanda ngazi chache akahema, ingawa hana ugonjwa wowote. Homoni hulegeza kano za nyonga, na tumbo husogeza uzito mbele mpaka mgongo unapinda kwa ndani kuubeba. Kondo la nyuma nalo hutoa homoni zinazodhoofisha kazi ya insulini, na lina sababu: sukari ikibaki kwa muda zaidi katika damu ya mama, mtoto anapata chakula. Kongosho la wanawake wengi hujibu kwa kutengeneza insulini zaidi. Linaposhindwa, sukari hupanda, na hapo ndipo kisukari cha mimba kinapozaliwa.

Msuli unaofanya kazi una njia yake ya kuvuta sukari kutoka kwenye damu bila kungoja insulini. Mjamzito anayetembea haraka kwa nusu saa huipunguzia kongosho lake mzigo, na nafuu hiyo huendelea kwa saa kadhaa baada ya kukaa.

Watafiti wakiongozwa na Margie Davenport wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa sehemu mbalimbali za dunia na kuchapisha majumuisho yao mwaka 2018. Wanawake waliofanya mazoezi walipungukiwa na uwezekano wa kupata kisukari cha mimba kwa asilimia 38, shinikizo la damu la ujauzito kwa asilimia 39, na prieklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba, kwa asilimia 41. Walipochunguza kipimo kinachohitajika, waliona kwamba ili faida iwe kubwa mwanamke anahitaji kiasi kinacholingana na dakika 140 hivi za kutembea haraka kwa wiki. Matembezi ya Jumapili moja moja hayafikishi huko.

Majaribio mawili yanasaidia kuona picha yenyewe. Huko Beijing, wanawake 300 wenye uzito uliozidi waligawanywa kwa kura katika makundi mawili tangu mwanzoni mwa mimba. Kundi moja liliendesha baiskeli isiyosogea mara tatu kwa wiki, kama nusu saa kila mara. Jingine liliendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliopata kisukari cha mimba katika kundi la baiskeli walikuwa asilimia 22.0, na katika kundi la pili asilimia 40.6. Huko Madrid, utafiti ulioongozwa na Ruben Barakat na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanawake 765, na wale ambao hawakufanya mazoezi walikuwa na uwezekano wa mara tatu hivi zaidi wa kupata shinikizo la damu.

Nimekaa juu ya shinikizo la damu kwa sababu linaua. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika vifo vya uzazi duniani, asilimia 27 vilitokana na kutokwa damu nyingi, na asilimia 14 vilitokana na shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Wakunga wetu wanakijua kifafa cha mimba kwa macho yao. Kitu chochote cha bei nafuu kinachokipunguza, hata kwa theluthi, kinastahili kuzungumzwa kliniki kwa uzito ule ule ambao vidonge vya kuongeza damu hupewa. Lakini kupunguza uwezekano si kuuondoa. Mjamzito anayetembea kila asubuhi bado anatakiwa kupimwa shinikizo kila hudhurio, na akipata maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au kuvimba uso, asiseme ni uchovu wa matembezi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu unene, ahadi zimekuwa kubwa kuliko matokeo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ukihusisha wanawake zaidi ya 12,500, ulionyesha kwamba mazoezi na ulaji bora vilipunguza ongezeko la uzito kwa wastani wa kilo 0.7 tu, ingawa pia upasuaji wa kujifungua ulipungua kidogo. Mwanamke anayeanza mazoezi ya mimba akitarajia kurudi na mwili wake wa zamani atakata tamaa mapema, na itakuwa hasara, kwa sababu faida zilizo kubwa zaidi hazionekani kwenye mizani.

Moja ya faida hizo ni ya moyo na akili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, kiasi cha asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwetu hali hii huitwa kudeka, au mimba kumkataa mume, au uvivu. Msichana wa miaka 20 aliyehamia mjini kwa mumewe, asiye na mama wala dada karibu, anaweza kulia miezi mitatu mfululizo bila mtu kumuuliza lolote. Majumuisho ya kundi lile la Alberta yalionyesha kwamba mazoezi peke yake yalipunguza uwezekano wa sonona wakati wa ujauzito kwa asilimia 67. Siamini kwamba misuli pekee ndiyo inayoleta tofauti hiyo. Kutoka ndani, kupata mwanga wa jua, kukutana na wajawazito wengine wawili watatu na kugundua kwamba hata wao hawalali usiku: hayo nayo ni tiba, na mazoezi ya kikundi huyaleta bila kuyatangaza.

Mgongo na nyonga vinahitaji usemi wa wazi zaidi. Mazoezi hayamhakikishii mjamzito kwamba mgongo hautauma. Ushahidi unaonyesha kwamba hupunguza ukali wa maumivu. Kwa mkojo unaotoka bila kukusudia wakati wa kukohoa, kupiga chafya au kuinua kitu, faida ni kubwa: kukaza misuli ya sakafu ya nyonga wakati wa ujauzito kulipunguza uwezekano wa tatizo hilo kwa nusu. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyatangaza mazoezi hayo mwaka 1948, na bado wanawake wengi wa kwetu hujifungua watoto wanne bila kuyasikia. Hayahitaji nafasi wala nguo maalumu. Mama anakaza misuli ile ile anayoitumia kuzuia mkojo, anahesabu hadi tano huku akipumua kawaida, analegeza, kisha anarudia mara nane au kumi, mara tatu kwa siku. Anaweza kuyafanya akiwa kwenye daladala au akichambua mchele. Wanawake wanaona haya kulisema tatizo hili hata kwa muuguzi wa kike, wakidhani ni fungu la kila aliyezaa. Linatibika na linazuilika.

Sasa tuje kwenye deki. Imani kwamba kuinama na kutembea kunarahisisha uchungu imeenea kutoka pwani hadi maziwa makuu, na wanaoiamini wana sehemu ya haki. Mazoezi ya ujauzito yamehusishwa na upungufu wa asilimia 24 wa uwezekano wa mtoto kuvutwa kwa vyombo. Lakini kwa urefu wa uchungu wenyewe majaribio hayajakubaliana: mengine yalionyesha kwamba unafupika, na yalipojumlishwa tofauti haikuonekana wazi. Kinachofupisha uchungu kwa ushahidi thabiti zaidi ni kile mama anachofanya uchungu ukishaanza. Majumuisho ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba wanawake walioruhusiwa kutembea, kusimama au kukaa wima katika hatua ya kwanza walimaliza hatua hiyo mapema kwa takriban saa 1 na dakika 22 kuliko waliolazwa kitandani. Wakunga wa jadi walilijua hilo. Wodi zetu nyingi zenye vitanda vilivyobanana, na mama amelazwa chali tangu anapopokelewa, zimelisahau.

Hofu kubwa kuliko zote ni ya mimba kutoka. Ipo katika nyumba zilizowahi kupoteza mimba, na haifai kudharauliwa. Katika majumuisho ya kundi la Alberta, wanawake waliofanya mazoezi ya wastani hawakupoteza mimba zaidi ya wengine. Mimba nyingi zinazotoka katika wiki za mwanzo hutoka kwa sababu ya kasoro za kromosomu zilizokuwepo tangu mbegu zilipokutana, na hakuna kutembea wala kulala kunakoweza kuzibadili. Imani ya kitovu kumzunguka mtoto shingoni kwa sababu mama aliinua mikono nayo haina msingi: kitovu huzunguka kwa sababu mtoto mwenyewe anageuka ndani ya maji yake. Naitaja kwa sababu nimeona wanawake wakijilaumu miaka mingi baadaye kwa nguo walizoanika.

Mipaka ipo. Mwaka 2012 watafiti wa Norway walichapisha vipimo vya wanariadha sita wa kiwango cha Olimpiki wakiwa wajawazito. Walipokimbia kwa zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wa juu wa mioyo yao, mapigo ya watoto tumboni yalianza kushuka, kisha yakarudi mama alipopunguza kasi. Mjamzito wa kawaida hafiki huko. Kipimo chake ni rahisi: awe anaweza kuzungumza akitembea, lakini akijaribu kuimba pumzi imkatike. Baada ya miezi mitatu ya mwanzo asifanye mazoezi akiwa amelala chali, kwa kuwa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni na kumletea kizunguzungu. Aepuke michezo ya kugongana na ile anayoweza kuanguka. Na wapo ambao hawatakiwi kuanza kabla ya kuruhusiwa na daktari: anayetokwa damu bila sababu kujulikana, ambaye chupa imepasuka, ambaye kondo limeziba njia katika miezi ya mwisho, mwenye prieklampsia, mwenye mlango wa kizazi uliolegea, ambaye mtoto wake hakui inavyotakiwa, mwenye ugonjwa mzito wa moyo. Kwa mazingira yetu namtilia mkazo mwenye upungufu mkubwa wa damu, ule wa chini ya gramu 7. Malaria, minyoo na lishe duni vimewafanya akina mama wengi wahudhurie kliniki wakiwa wamepauka, na moyo unaosukuma damu nyepesi hauna akiba ya mazoezi. Huyo atibiwe damu kwanza.

Hapa ndipo ninaporudi kwa mwanamke wa ndoo.

Mwongozo wa mwaka 2020 wa Shirika la Afya Duniani unakubali kwamba shughuli za mwili zinaweza kupatikana kazini, safarini au katika kazi za nyumbani, na hilo limewapa baadhi ya watu nafasi ya kusema kwamba mwanamke wa kijijini amekwisha kumaliza mazoezi yake. Lakini kundi lile lile la Alberta lililoonyesha kwamba mazoezi hupunguza prieklampsia lilichambua pia kazi za wajawazito, na mwaka 2020 likatoa matokeo ya upande wa pili: kuinua mizigo inayofikia kilo 11 na kuendelea kulihusishwa na ongezeko la mimba kuharibika na la prieklampsia ile ile. Kusimama kwa saa nyingi nako kulikuwa na madhara yake. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Mwanamke analiinua kutoka chini hadi kichwani, analibeba, analishusha, na safari moja mara nyingi haitoshelezi nyumba yenye watoto.

Inawezekanaje kutumia nguvu kukawa dawa kwa mmoja na madhara kwa mwingine? Watafiti wa Denmark waliochunguza wafanyakazi kwa ujumla, akiwemo Andreas Holtermann, wana maelezo yanayoniridhisha. Mazoezi hupandisha mapigo na shinikizo kwa muda mfupi, kisha mwili unapumzika, na katika mapumziko hayo mishipa inalegea na shinikizo linashuka chini ya pale lilipoanzia. Kazi ya sulubu hupandisha shinikizo kidogo na kuliacha hapo kutwa nzima. Misuli imebanwa katika mkao mmoja, mgongo umeinama juu ya jembe la mpini mfupi, damu imetuama miguuni, na hakuna anayemwambia mwanamke kaa chini sasa. Anayefanya mazoezi akisikia kizunguzungu anaacha. Anayepalilia shamba la familia akisikia kizunguzungu anashika mpini, anangoja kipite, anaendelea.

Na kuna chakula. Katika miezi mitatu ya mwisho mimba inahitaji nyongeza ya takriban kilokalori 475 kwa siku, na hizo ni kwa ajili ya mimba tu, bila jembe. Vijiji vya Gambia karibu na Keneba vimetufundisha mengi kuhusu jambo hili. Huko msimu wa mvua ndio msimu wa kulima na ndio msimu wa njaa: ghala ziko tupu wakati kazi iko juu kabisa, na watoto wanaozaliwa katika miezi hiyo huwa wepesi zaidi. Katika jaribio la miaka mitano lililochapishwa mwaka 1997, wajawazito wa vijiji hivyo walipewa biskuti zenye karanga kila siku tangu nusu ya pili ya mimba. Uzito wa watoto waliozaliwa uliongezeka kwa wastani wa gramu 136, na katika msimu wa njaa gramu 201. Tafiti za Ethiopia na za India vijijini, karibu na Pune, nazo zimeonyesha kwamba wajawazito wanaofanya kazi nzito huzaa watoto wadogo kuliko wenzao wa mazingira yale yale wanaofanya kazi nyepesi. Msomaji wa Dodoma, Kitui au Kirundo hahitaji kuelezwa msimu wa njaa ni nini. Nguvu anayoitumia mjamzito lazima itoke mahali, na chakula kisipotosha, inatoka kwa mtoto na kwenye mifupa na damu ya mama mwenyewe.

Kwa hiyo natoa hukumu yangu bila kuzungusha: ujumbe mmoja wa «wajawazito fanyeni mazoezi» unaotangazwa redioni kwa wote sawasawa utamfaa karani wa benki na kumkandamiza mchota maji. Karani anakaa saa nane kwenye kiti, anarudi kwa bodaboda, anakula chipsi, na sukari yake inapanda bila dalili. Yeye ndiye aliyepotoshwa na ushauri wa «pumzika, usije ukaumiza mtoto», na maradhi ya kisukari na shinikizo yanayoongezeka mijini yanamsubiri. Mchota maji anahitaji kinyume: mtu mwingine abebe dumu, mlo uongezwe, apate saa moja ya kulala mchana kwa ubavu, na kama kuna mazoezi ya kumfundisha, yawe ya kunyoosha mgongo na kukaza sakafu ya nyonga, ambayo kazi zake zote hazimpi.

Katikati yao wapo wengi wasioonekana katika hesabu yoyote. Mama lishe anasimama mbele ya jiko la mkaa kuanzia saa 10 alfajiri. Muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, anabeba beseni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja, na inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa miezi mitatu. Ni sheria njema, lakini mama lishe na muuza samaki hawana mwajiri wa kushtakiwa. Kinachoweza kuwafikia ni kliniki, vikundi vyao vya kuweka na kukopa, na waume zao.

Kwa yule wa mjini, vikwazo ni vya mtaani. Barabara nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, bodaboda hupita popote, na joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari si la kulifanyia mzaha, kwani joto kali ni moja ya mambo ambayo miongozo yote inayakataza. Atembee kati ya saa 12 na saa 1 na nusu asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni, akiwa na chupa ya maji, na asiende peke yake kama njia si salama. Aliyekuwa hafanyi lolote aanze na dakika 10 au 15 na kuongeza polepole kila wiki. Aliyekuwa mwanachama wa kikundi cha mbio za Jumamosi anaweza kuendelea huku akipunguza kasi kadiri tumbo linavyokua. Asiyependa kutoka anaweza kucheza muziki sebuleni. Misuli haiulizi kama ni taarabu au ni mazoezi ya runinga.

Baada ya kujifungua suala hubadilika kidogo. Arobaini yetu, pamoja na mkaja na uji wa pilipili manga, ni urithi ninaoutetea kwa moyo wote, kwa kuwa inamlazimisha kila mtu amwachie mzazi apumzike. Ila kupumzika kusiwe kulala tu. Wiki za mwanzo baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kwenye mishipa, hasa kwa aliyepasuliwa, na kutembea taratibu ndani ya nyumba tangu siku za mwanzo kunaisaidia damu kwenda. Mchezaji tenisi Serena Williams alishinda mashindano ya wazi ya Australia Januari 2017 akiwa na mimba changa, na bado alipojifungua kwa upasuaji Septemba mwaka ule damu iliganda mapafuni. Aliokoka kwa kuwa alizijua dalili na kuwasisitizia wahudumu wamchunguze. Mkimbiaji Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua Juni 2018, akarudi mashindanoni 2019, akatetea dhahabu yake ya Olimpiki mwaka 2021. Kama bingwa wa dunia alihitaji mwaka mzima kurejea kwenye mashindano, hakuna sababu ya mzazi wa kawaida kujisukuma katika wiki sita.

Nawaomba wauguzi na wakunga wa kliniki za uzazi, ambao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unawataka wakutane na kila mjamzito angalau mara nane: kabla ya kumshauri atembee au apumzike, mwulizeni ameshindaje jana tangu alipoamka mpaka alipolala, amebeba nini, amekula nini, na amekaa chini saa ngapi. Kisha ushauri utolewe kwa jibu lake. Na mume aliyemsindikiza, ambaye wengi sasa wamezoea kumpa kiti cha mbele ili foleni iende haraka, aambiwe papo hapo kwamba kuanzia kesho dumu ni lake.